Viti vya Wakwe

Kifaransa kilinikuta kwenye foleni ya sabuni. Ilikuwa ile miaka mibaya, kipande cha sabuni kinatafutwa kama mtu aliyepotea, na mimi Pelagia nimesimama nje ya duka la ushirika hapa Musoma tangu alfajiri, miguu imevimba, hasira zimenijaa hadi kooni. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mrefu, ananung'unika kwa lugha nisiyoijua, kwa utamu mkubwa, utadhani anamsifu mtu. Nikamuuliza, "Dada, unasali?" Akageuka akaniangalia. "Hapana," akasema, "natukana." Nikamwambia anifundishe na mimi.

Huyo ndiye Madamu Euphrasia. Alizaliwa hapahapa Musoma, akaenda Bujumbura akiwa msichana kumsaidia dada yake aliyejifungua, akaolewa hukohuko na karani wa bandari, Mrundi mmoja aliyeitwa Vensan. Mume alipofariki alirudi nyumbani na masanduku yake na Kifaransa ambacho hakuwa na mtu wa kukiongea naye. Basi akaanza kutufundisha bure, jioni, kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa jumuiya pale Nyasho. Tulikuwa wachache na tulikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa. Dukani sukari hakuna, lakini sisi tunajua kuiomba kwa Kifaransa. Mji mzima, Kifaransa kilikuwa kitu pekee kisichohitaji foleni wala kibali.

Halafu zikaja siku za ruksa. Vitu vikarudi madukani, sabuni za kila rangi, mafuta ya kujipaka, mpaka pipi. Nilifurahi, siwezi kudanganya, maana mimi mwenyewe nina kiduka. Ila na mitumba nayo ikaja, na mitumba inataka pa kulala. Mwezi wa sita wa mwaka themanini na tisa, Mzee Stanislausi, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, mtu wa koti na fimbo hata jua likiwa la utosi, alikuja akasimama katika mlango wa darasa letu.

"Pelagia," akasema, "ukumbi ni wa watu. Mimi hapa kila nikipita naonaga nini? Watu watano na ubao. Felisian anakitaka hiki chumba aweke marobota yake ya mitumba."

"Na Kifaransa, mzee?"

"Nani anakitaka hapa Musoma? Nionyeshe. Siku nitakayokuta viti vya huu ukumbi vimejaa watu waliokuja kwa ajili ya hicho Kifaransa chenu, nitanyamaza. Mkishindwa mwezi wa saba, marobota yanaingia."

Alipoondoka, Madamu alifuta ubao polepole, ubao wenyewe hauna kitu. Akatuambia binti yake wa Bujumbura amekuwa akimwita muda mrefu. "Kilichokuwa kinanishika hapa ni nyie," akasema. "Darasa likifa, nitabaki nimekaa naangalia ukuta. Nitaenda kwa mwanangu." Mimi nina mume mzuri, nina ndugu wengi wasio na tatizo, lakini hakuna hata mmoja wao anayenichekesha kama Euphrasia. Sikuwa tayari kumwachia Felisian na marobota yake anifukuzie rafiki.

Redioni walikuwa wakisema Wafaransa mwezi wa saba wanatimiza miaka mia mbili tangu waanze mapinduzi dhidi ya mfalme wao. Nikasimama palepale nikasema, basi na sisi tutafanya yetu, Sikukuu ya Kifaransa ya Musoma, Jumamosi inayofuata siku ya kwao. Wote wakapiga makofi. Baada ya makofi tukakumbuka kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona Ufaransa. Madamu mwenyewe Ufaransa wake uliishia Bujumbura.

Hilo halikutuzuia. Kamati ya sikukuu ilikaa kwangu, nyuma ya duka, kila mtu anajitolea, na kila mtu ana kelele. Masatu, mvuvi wa Bukima na mwanafunzi mwenzangu, aliuliza kama ni kweli Wafaransa wanakula konokono na vyura. Madamu akasema naye husikia hivyo. "Sisi watu wa Bukima tutaleta sato," akasema Masatu, na hoja ikapita bila kupingwa. Likaja suala la jibini. Shangazi yangu Gati, aliyetoka Butiama kuja kushika jiko, akauliza jibini ni kitu gani. Madamu akamweleza kuwa ni maziwa yaliyoganda, yakakamuliwa maji, yakaachwa yakae sana mpaka yanuke.

"Hayo mbona sisi tunamwagaga?" akashangaa Shangazi.

"Wenzetu wanakula."

"Haya. Mimi nitaleta mgando mzuri. Wakitaka unuke wakae nao."

Mikate ilitutesa zaidi. Madamu alitaka mikate yao ile mirefu yenye ganda gumu, akatuonyesha urefu kwa mkono wake kuanzia kiganja hadi begani, na mji mzima hauna chombo cha kuokea kitu cha namna hiyo. Ngolo, fundi wa kuezeka mapaa, akafikiri kidogo, akaenda akarudi na bati jipya la migongo migongo. Akaliosha, akalipaka mafuta, akasema tulaze unga uliokandwa kwenye mifereji. Tulijaribu. Mikate ikatoka mirefu, imenyooka, imejipanga kama wanajeshi. Madamu alivunja mmoja, akausikiliza ganda linavyolia, akacheka hadi akakaa chini kwenye gunia la unga.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuwaita watu. Nikazunguka. Sokoni, kanisani baada ya misa, stendi, mpaka Bunda kule Manyamanyama kwa shemeji zangu, na Nyamuswa kwa rafiki yangu Wankyo. Kote nilisema maneno yaleyale ambayo mtu yeyote wa kwetu angesema: "Tuna shughuli Jumamosi, njooni mtusaidie." Nani anamwambia mwenzake njoo utazame? Mtu mwenye shughuli anaita mikono, na wewe unakuja na kisu chako.

Jumamosi nilifika nikakuta uwanja wa ukumbi umejaa watu! Lori la Bukima lilikuwa limeshusha wanawake na wanaume na masinia ya sato. Watu wa Nyamuswa wamekuja na vibuyu vya maziwa. Manyamanyama yote iko pale, na mashangazi ambao sijawahi kuwaona. Nikapiga kigelegele peke yangu barabarani, mwendesha baiskeli mmoja nusura aanguke. Nikaingia ukumbini kwa mbwembwe ili nione viti vyangu vilivyojaa.

Hapakuwa na mtu.

Vitambaa vya bluu, vyeupe na vyekundu vinapepea dirishani, viti vimepangwa safi, vyote vitupu. Watu wote walikuwa nyuma, jikoni. Kulikuwa na wamenya viazi wengi kuliko viazi. Kila sufuria lina wakoroga watatu wanaoneana wivu. Wanaume wa Bunda walishajipa kazi ya ulinzi, wamejaza geti lote, wanamlinda nani hakuna anayejua, maana kila aliyefika naye alipewa rungu akawa mlinzi. Mseti, aliyekuja kupiga litungu lake la nyuzi, alikuwa amezungukwa na watu waliojitolea kumshikia koti, maji na kiti chake cha kukalia.

Nikatoka mbio. "Jamani, ingieni ukumbini mkae!"

Wakaniangalia kama nimetukana. "Tukae?" akasema Wankyo, kisu mkononi. "Kwani sisi wakwe?"

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Kwetu, kwenye shughuli, viti vya mbele ni vya wakwe. Wenyeji hawakai. Mwenyeji akikaa huku sufuria liko motoni, atasemwa mpaka siku ya mazishi yake. Hata mgonjwa atajitafutia mchele wa kuchambua, mradi asionekane kakaa. Na mimi nilikuwa nimezunguka mkoa mzima nikiita wenyeji.

Kama vile anasubiri nielewe ndipo aje, Mzee Stanislausi akaingia na fimbo yake, Felisian wa mitumba nyuma yake.

"Watu wako wapi?"

"Wako nyuma, mzee, wamejaa!"

"Wale wapishi. Mimi nilisema viti." Akavuta harufu ya samaki kwa pua zote mbili. "Nitangoja chakula kiive, si vizuri kuondoka na njaa. Halafu nitamwonyesha Felisian chumba chake."

Nikapandwa na mori. Nikaenda jikoni nikaanza kukamata watu mikono na kuwavuta hadi vitini. Walikaa, ndiyo, kwenye ncha ya kiti, kama kiti kina moto. Nikigeuka kumleta mwingine, wa kwanza ameshanyanyuka, "namsogezea tu mwenzangu beseni." Wanawake wawili wa Bunda niliwakandamiza mabega kwa nguvu zangu zote. Mmoja akaniambia, "Dada, kaa na wewe basi, tuone." Nikakaa. Nikakunja mikono. Nikanusa mkate unaungua. Wallahi nilijizuia kama mtu anayezuia chafya, halafu nikajikuta niko nje nimeshika bati kwa kanga, na wale wawili wako pembeni yangu wananipulizia moto.

Madamu Euphrasia alikuwa kwenye meza ya mikate, unga hadi viwikoni. Aliniona uso wangu, akajua. "Acha, Pelagia," akasema. "Imekuwa nzuri. Nitaondoka nikiwa nimecheka." Hilo ndilo lililonichoma kuliko kelele zote za siku ile.

"Wenye kukaa ni wakwe!" akafoka Shangazi Gati toka jikoni, mwiko hewani. "Unalazimisha watu wakae bila wakwe, wewe uliona wapi? Leteni wakwe basi, mtaona tunavyowakalisha." Na kwa kuwa shangazi yangu mdomo wake hauna breki, akaendelea. "Na huyu Euphrasia mwenyewe, wakwe zake tuliwaonaga lini?"

Hata wakoroga sufuria waliacha kukoroga. Madamu alijipangusa unga, akajipangusa tena.

"Hawakuja," akasema. "Vensan alikuwa anasema mwaka huu tutaenda, tutawapeleka wazee kwenu. Mwaka huu, mwaka huu. Kwao hawakuwa na nauli, halafu mipaka ikawa shida, halafu akafa. Mimi hapa kwetu niko kama mtu aliyetoroka tu. Najua mnavyosema."

Tulikuwa tunasema. Nilimwona Shangazi akiteremsha mwiko.

Masatu alikuwa amechuchumaa kwenye masinia ya samaki. Akasimama, akanawa mikono polepole, akavaa shati lake. "Sisi wa Bukima tumetoka mbali," akasema. "Tumekuja kwa lori. Tumeleta samaki. Sasa kwa nini sisi tusiwe watu wa kwa Vensan?"

"Masatu, usilete utani," nikasema.

"Nani anatania? Shughuli inataka wakwe. Nyie wa mjini ni wenyeji. Sisi tuliotoka mbali, Bukima, Nyamuswa, Bunda, tutoke nje ya geti, tuingie upya."

Wankyo aliweka kisu chini kwanza. Halafu wengine. Mnajua furaha ya watu waliokuwa wengi kuliko kazi, ghafla wamepata kazi mpya? Walikimbilia getini wakisukumana, wengine wanaazimana viatu, wanawake wanafunga vitenge upya ili waonekane wametoka safari. Walinzi wa Bunda wakatupa marungu wakajiunga. Nje kule nikamsikia Masatu akiwafundisha salamu kwa kelele, na umati mzima unaitikia, "Bonjour, madame!" kama watoto wa darasa la kwanza, mara ya pili kwa nguvu zaidi, mbwa wa Nyasho wote wanabweka.

Wakakwama kwa jambo moja. Wakwe hawaingii bila mzee wa kusema.

"Nani mwenye koti?" akauliza Masatu.

Watu wote wakageuka kumtazama Mzee Stanislausi, aliyekuwa ametoka kuona hizo kelele ni za nini.

"Mimi sio Mrundi!" akasema.

"Hakuna aliyekuuliza kabila, mzee. Sema tu."

"Nimekuja kukagua ukumbi!"

"Utakagua ukiwa umekaa," akasema Wankyo, na wanawake wa Nyamuswa wakamweka katikati, mmoja akampangusa vumbi begani. Na hapo nikaona kitu. Mzee Stanislausi ni msemaji. Miaka mingi amekuwa mwenyekiti wa kamati ambayo haimsikilizi. Sasa watu wengi kiasi kile wamenyamaza kimya wakimngoja afungue mdomo. Fimbo ikanyooka yenyewe.

Sisi wenyeji tuliziba mlango, Shangazi Gati mbele. Madamu tulimficha kwenye chumba chake cha darasa kama mwari, anacheka huku analia, unga kwenye nywele. Mseti akapiga litungu wimbo wa watoto aliofundishwa na Madamu, ila kwa mwendo wa kwao, nyuzi zinakimbia hadi miguu yangu ikaanza bila kuniuliza. Wakwe wakaja wamejaza njia yote. "Bonjour, madame!"

"Nyie nani?" akauliza Shangazi kwa ukali.

"Hodi," akasema Mzee Stanislausi. "Sisi ni wa kwa Vensan."

"Tulidhani mmekufa."

"Tuko hai, na tuna aibu." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Kijana wetu alichukua binti hapa, na sisi tukakaa kimya kama watu wasiolelewa. Njia ilikuwa ndefu. Baadaye tukaona tumechelewa, tukaona haya kuja. Sasa Vensan amekufa, hawezi tena kutuombea. Lakini mke aliyemwacha ni wetu. Tumekuja kusema mbele za watu kwamba hakutoroka. Aliolewa."

Nikasikia nyuma yangu Euphrasia ameacha kucheka.

"Mmekuja na nini?" akasema Shangazi, na sauti yake haikuwa kali tena.

Hapo ikawa heka heka, maana zawadi zao tulikuwa tumeshazikaanga. Sato wakatolewa jikoni kwa mlango wa nyuma, wakazungushwa ukuta mbiombio, wakaingia kwa mlango wa mbele juu ya vichwa vya wanawake wa Bukima, bado wanatoa mvuke. Shangazi akawapokea kama hajawahi kuwaona. Vigelegele!

Na wakwe wakakaa. Jamani, walikaa! Walijaza viti vyote, wengine wakapakatana, wamenyoosha migongo, wanajifanya hawajui choo kiko wapi. Wenyeji nao wakapata wa kuwahudumia, wakawa wanakimbia na masinia, jasho linawatoka, raha mustarehe. Mkate wa bati ulivunjwa ukachovywa kwenye mchuzi wa sato. Mgando wa Butiama ukamiminwa juu ya ndizi za kukaanga. Madamu alipita katikati akiwafundisha kusema asante kwa Kifaransa, na mzee mmoja wa Nyamuswa aliipenda hiyo "merci" akawa anaisema kwa kila kijiko.

Felisian peke yake ndiye aliyekuwa amesimama. Alivumilia mpaka sahani zikatolewa, halafu akamwinamia Mzee Stanislausi. "Mzee, kile chumba. Gari la marobota liko njiani."

Mzee Stanislausi akajipangusa mdomo, akainuka na fimbo yake, akaelekea mlango wa darasa. Viti vimejaa, nikataka kupiga kelele, si ulisema? Lakini yeye angeweza kujibu kwamba wale walikuja kwa samaki, na asingekuwa mwongo kabisa. Akaweka mkono kwenye kitasa.

"Baba mkwe!"

Alikuwa Shangazi Gati, mikono kichwani, na hakuwa anaigiza. Macho yalikuwa yamemtoka kweli. "Baba mkwe, unaingia chumba cha mkamwana wako?"

Ukumbi mzima ukaguna. Kwetu hilo halina mjadala. Baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe, hata nyumba ikiungua ataita mtu mwingine. Mzee Stanislausi alitoa mkono kwenye kitasa kama amegusa sufuria la moto.

"Felisian," akasema, "marobota yako yatafutie pengine."

"Lakini mzee, ule ulikuwa mchezo tu!"

Mzee Stanislausi akageuka. "Na samaki niliokula walikuwa wa mchezo? Yale maneno niliyasema mbele ya watu wazima, na mimi nina mvi. Umri huu naweza kusema uongo juu ya marehemu, halafu nikaenda kulala?" Akakunguta koti lake. "Chumba kina mwenyewe. Mimi hapo siingii."

Kelele zilizotoka pale sijui kama bati la ukumbi lilibaki na misumari yake. Nilimrukia Ngolo, nilimrukia Wankyo, nilimkumbatia hata Felisian, aliyekuwa hajui aondoke au aombe mkate. Nilipotulia nikamtafuta Euphrasia.

Alikuwa anakuja na jagi la maji na beseni. Alipofika umbali ule mkamwana anaopaswa kusimama, akasimama hapo hapo, akainamisha macho, akapiga magoti. Mwanamke aliyekaa Bujumbura sehemu kubwa ya maisha yake, ambaye anajua kutukana foleni nzima kwa utamu, alipiga magoti kama msichana aliyeletwa jana. Akampa beseni Masatu ili amfikishie.

"Baba," akasema.

Mzee Stanislausi alikuwa anatazama pembeni, kama inavyotakiwa. "Naambiwa unataka kwenda mbali," akasema akiuambia ukuta.

"Nilitaka, baba," akasema Euphrasia. "Lakini sasa niende Bujumbura kufanya nini, na wakwe zangu wako hapa?"